Je, wajua kwamba Bukini ilipita mbele ya pwani yetu?

Ukiitazama ramani na kuiona Bukini, yaani Madagaska, imekaa ubavuni mwa Msumbiji, utadhani ilimeguka pale pale ikajisogeza mashariki. Barazani wengi husema hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kumbe sivyo. Zama za dinosau kisiwa hicho kilikuwa kimebanana na pwani ya Somalia na Kenya, kikafika hadi usawa wa Tanzania. Kisha, kati ya miaka milioni 160 na milioni 120 hivi iliyopita, kiliteremka kusini kikiiambaa Afrika. Unguja na Pemba zilikuwa hazijazaliwa.

Safari hiyo ilikuwa ya zaidi ya kilomita 1,000. Ukigawa, ni sentimita chache tu kwa mwaka.

Iliteremkaje? Ganda la dunia limegawika mabamba, na mabamba hayo ama huachana, ama hugongana, ama hupishana ubavu kwa ubavu. Hii ya tatu ndiyo iliyoishusha Bukini. Mwanasayansi wa Kanada, J. Tuzo Wilson, ndiye aliyeieleza vizuri mwaka 1965.

Neno "kupishana" lisikuhadae, maana si kuteleza kwa ulaini. Chukulia watu wawili wanapishana kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, kila mmoja na pakacha lake la maembe. Mapakacha yananasana. Hakuna anayetaka kusimama, kila mtu anavuta kwake, makuti yanapinda, yanapinda, kisha yanachomoka kwa ghafla na maembe yanatawanyika njiani. Miamba nayo hunasa hivyo hivyo pengine kwa miaka mia au zaidi, huku mabamba yenyewe yakiendelea kwenda. Siku inapoachia, ndilo tetemeko.

Mwaka 1906 ufa wa San Andreas, huko California, uliachia namna hiyo na mji wa San Francisco ukabomoka. Kwenye mashamba ya jirani kuna uzio uliokatwa na ufa, vipande vyake viwili vikaachana zaidi ya mita 2, kama kwamba mtu kauhamisha usiku. Uturuki ilipatwa na jambo hilo hilo tarehe 6 Februari 2023, wakafa makumi ya maelfu.

Volkano huzioni sana kwenye mipaka ya namna hii. Hakuna bamba linalozama likayeyusha miamba, wala mwanya mpana wa kupitisha uji wa moto.

Na njia aliyopita Bukini? Kovu lake lingalipo chini ya bahari. Linaitwa Mgongo wa Davie, nalo linatoka bahari ya kusini mwa Tanzania, likapita Mlango wa Msumbiji hadi karibu na kusini-magharibi mwa Bukini. Kupishana kwenyewe kumekwisha zamani. Lakini sakafu ya bahari yetu haijatulia: siku hizi inavutwa, inatanuka. Tetemeko la usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, lililotikisa Dar es Salaam na kusikika hadi Unguja, lilitokana na mvutano huo.

Mkondo wa Pemba nao ni kazi ya ardhi kupasuka na kushuka. Anayevuka kwa jahazi kutoka Tanga kwenda Wete hupita juu ya kina cha mita 800 hivi, ilhali mkondo wa Unguja haufiki hata 100.