Oliang si kahawa ya viungo

Kwa mara ya tatu mwaka huu nimeandaliwa gilasi ndefu ya kahawa iliyotiwa maziwa mazito ya kopo, iliki na barafu, nikaambiwa kwa fahari kwamba hiyo ndiyo oliang, kahawa ya kale ya Thailand, "tena ya viungo". Kinywaji kilikuwa kitamu na nilikimaliza. Jina lake ndilo lililonikwama kooni.

Oliang ni kahawa nyeusi yenye sukari, inayochujwa kwa mfuko wa kitambaa na kumiminwa juu ya barafu, na unga wake si wa buni tupu, bali umechanganywa na mahindi, soya na ufuta vilivyokaangwa hadi vikakaribia kuungua. Wengine huongeza mchele. Maana yake ni hiyo tu. Yaliyobaki yamo ndani ya jina lenyewe.

Neno hili Wathai wamelipokea kutoka Kiteochew, lugha ya Wachina wa mashariki ya jimbo la Guangdong, pande za Shantou na Chaozhou, ambao walihamia Siam, yaani Thailand kwa jina lake la zamani, kwa wingi hata lugha yao ikawa ndiyo kubwa miongoni mwa Wachina wa Bangkok. Hawakuwa wageni wa pembeni: mfalme Taksin, aliyetawala kuanzia 1767 hadi 1782, baba yake alikuwa Mteochew. Katika lugha hiyo, "o" ni nyeusi na "liang" ni baridi. Kahawa hiyohiyo ikinywewa ya moto huitwa oyua, ambapo "o" inabaki palepale na silabi inayofuata ndiyo inayogeuka kuwa moto. Kwa hiyo mtu anayeagiza "oliang ya moto yenye maziwa" ameomba, kwa lugha ya wenyewe, nyeusi-baridi iliyo moto na isiyo nyeusi. Najua kwamba Wathai nao hutia maziwa ya kopo yasiyo na sukari juu ya oliang, lakini wakifanya hivyo huongeza neno, wakaiita oliang yok lo, na kule kuongeza neno ni ushahidi kwamba oliang peke yake haina maziwa. Kahawa ya maziwa ya barafu ina jina lake, nalo ni kafae yen: "yen" ni baridi kwa Kithai, na "kafae" ni nduguye "kahawa" yetu, kwani yote mawili yanarudi kwenye qahwa ya Kiarabu, ila letu lilikuja na Waarabu na lao lilizungukia Ulaya kwanza.

Hata hilo "ya kale" linahitaji kupunguzwa uzito kidogo. Wathai husema kafae boran, na boran imetokana na neno la Kisanskriti purana, lenye maana ya kitu cha zamani. Lakini hapa hawadai kwamba kahawa hii ni ya enzi za mababu wa mababu. Wanaitofautisha na kahawa ya unga wa papo kwa papo na ile ya mashine, kama sisi tunavyosema pasi ya kizamani tukimaanisha ile ya mkaa.

Sasa nije kwenye viungo, kwa maana hapo ndipo penye kosa lenyewe, na nadhani Kiswahili chetu kimechangia. Neno "viungo" jikoni lina kazi mbili. Juu ya karatasi ya mapishi lina maana ya vitu vyote vinavyoingia chunguni, unga na chumvi vikiwemo; sokoni lina maana ya iliki, mdalasini, karafuu na jamaa zao. Mtu akisoma kwamba viungo vya oliang ni kahawa, mahindi, soya na ufuta, kisha akamsimulia mwenzake kwamba ni "kahawa yenye viungo", huyo wa pili hafikirii mahindi hata kidogo. Mkono wake unakwenda kwenye kopo la iliki, hasa akiwa mtu wa pwani au amewahi kukaa Muscat, ambako iliki ndani ya kahawa ni jambo la kila siku. Mapishi mengi yaliyoandikwa Marekani nayo huweka iliki, na hivyo kosa likapata vyeti. Kumbe oliang, kwa upande wa viungo vya sokoni, ni chukuchuku. Harufu yake inatoka kwenye ufuta uliokaangwa, na uzito wake mdomoni unatoka kwenye mahindi na soya.

Anayetaka kuipika nyumbani ataielewa tofauti hii upesi zaidi kuliko anayesoma maelezo yangu. Mara ya kwanza nilikaanga nafaka na mbegu zote pamoja, na ufuta ukawa majivu kabla mahindi hayajageuka rangi. Tangu hapo kila kimoja nakikaanga peke yake, kwenye kikaango kikavu, mahindi na soya hadi viwe vya kahawia iliyokolea. Mimi huchukua vikombe viwili vya kahawa kwa kimoja cha mahindi na soya pamoja, na vijiko viwili vya ufuta, nikasaga. Kahawa iwe robusta, iliyokaangwa sana: ndiyo inayolimwa kusini mwa Thailand, huko Chumphon, na ndiyo hiyohiyo ya Kagera, na uchungu wake haushindwi na sukari wala barafu. Vijiko vinne vikubwa vya unga huo vinatosha nusu lita ya maji yanayochemka. Mfuko wa kitambaa, ambao Wathai huufunga kwenye pete ya waya yenye mkono na ambao ukishazoea kazi hufanana na soksi ya mkulima, unatumbukizwa, unainuliwa, maji yanamiminwa tena juu yake, kwa muda wa dakika kumi hivi, hadi mafuta ya ufuta yaanze kung'aa juu ya kile cheusi. Sukari itiwe kungali moto, kwa sababu ikikutana na barafu haiyeyuki. Gilasi nayo ijazwe barafu hadi mdomoni, si vipande viwili vya kuelea.

Nikialikwa tena nitakunywa ile yenye maziwa na iliki, na huenda nikaomba ya pili. Ningependa tu iitwe kahawa ya iliki ya barafu. Na mwenyeji akitaka sana neno la Kithai, aseme kafae yen, nami sitatia neno.