Sayansi ya Kompyuta Si Ufundi wa Kompyuta

Ukishadahiliwa tu kusomea sayansi ya kompyuta, jamaa wanaanza kukuletea printa zilizogoma. Mimi nimeletewa hata redio.

Dhana: Utasomea kutengeneza kompyuta

Printa ina fundi wake. Shahada hii inauliza swali jingine: tatizo hili linatatulika kwa hatua zipi, na hatua zenyewe ni ngapi? Chukua orodha ya majina milioni 1 yaliyopangwa kialfabeti. Ukisoma moja moja kutoka juu, huenda ukayamaliza yote ndipo ulipate unalolitafuta. Ukifungua katikati, ukatupa nusu isiyohusika, kisha ukafanya vivyo hivyo kwa iliyobaki, hatua hazizidi 20. Orodha ikifika milioni 2, inaongezeka hatua moja tu. Na hapo hujagusa kibodi. Mwaka 1936, kompyuta tunazozijua zikiwa hazijaundwa, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba yapo maswali ambayo mashine ya aina hiyo haiwezi kuyajibu.

Dhana: Lazima uwe bingwa wa hisabati

Hii ina nusu ya ukweli. Mantiki, seti, uwezekano na matriksi vinakungoja, wala havikwepeki. Ila kinachotakiwa si wepesi wa kukokotoa kichwani, ni kuthibitisha kwamba kauli ni kweli kila mara. Jaribio langu la kwanza nilitoa mifano mitano iliyokubali, nikakunja karatasi. Nikapata sifuri. Mfano wa sita ndio uliokataa.

Dhana: Wanafundisha lugha zilizopitwa na wakati

Manung'uniko haya huwa ni kuhusu C, lugha ya kuandikia programu ya mwaka 1972. Lakini C inakulazimisha uombe mwenyewe nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta na uirudishe mwenyewe. Ukisahau kuirudisha, programu inavimba taratibu mpaka inazimika, nawe unakesha ukitafuta mstari ulioisahau. Ukishaumwa hivyo mara moja, ndipo unaelewa lugha mpya zaidi kama Python inakubebea mzigo gani kimyakimya.

Dhana: Ni ya wavulana walioanza utotoni

Grace Hopper, mwanamke wa Kimarekani, alianza kuiandikia kompyuta programu mwaka 1944, akiwa na miaka 37. Tuendelee.

Dhana: Akili mnemba itaandika programu zote, kwa hiyo usijisumbue

Inaandika, tena haraka. Inakosea pia, bila hata kusitasita, na lazima awepo wa kuligundua kosa. Iambie kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2: katika lugha nyingi utapewa 0.30000000000000004. Mashine si mbovu. Inahifadhi namba kwa 0 na 1 tu, na 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa namna hiyo, kama vile theluthi moja isivyokwisha ukiiandika kwa desimali. Aliyelisoma hilo huhesabu fedha za watu kwa senti nzima nzima.