Fahali wa manjano, ndama mweupe: rangi za ng'ombe wa Highland

Picha ya ng'ombe wa Highland ikisambaa kwenye simu, huwa naulizwa mambo mawili: nywele zote zile ni za nini, na imekuwaje mmoja mwekundu, mwingine mweupe, nao ni wa aina moja?

La kwanza ni jepesi. Kwao ni milima na visiwa vya magharibi mwa Uskoti, penye mvua, upepo na baridi. Karibu na ngozi wana manyoya laini yanayotunza joto. Juu yake nywele ndefu zenye mafuta, za hadi sentimita 30 hivi, ambazo maji huteleza juu yake. Shungi la usoni hukinga macho dhidi ya mvua na nzi. Manyoya yakishakuwa blanketi, mwili hauna haja ya kurundika mafuta chini ya ngozi.

Utamu uko kwenye rangi. Daftari la kwanza la ukoo wao lilipochapishwa mwaka 1885, walitambuliwa kwa makundi mawili: wadogo wa visiwani, wengi wao weusi, walioitwa Kyloe, na wakubwa wa bara, wengi wekundu. Leo wote ni aina moja.

Jeni iitwayo MC1R ndiyo huamua msingi, weusi au wekundu. Nyingine, PMEL, hufanya kazi kama maji kwenye rangi ya ukuta. Ndama asiporithi nakala ya PMEL inayofifisha rangi, hubaki mweusi au mwekundu. Akipata moja, kwa mzazi mmoja, mweusi hupauka kuwa kahawia na mwekundu huwa wa manjano. Akipata mbili, mweusi huwa rangi ya fedha, mwekundu huwa mweupe. (Wapo pia wenye milia, lakini hao wana hesabu yao.)

Basi mfugaji aliyepandisha jike wa manjano kwa fahali wa manjano, akazaliwa ndama mweupe, asianze kumsingizia fahali wa jirani. Kwa wastani, katika ndama wanne wa wazazi hao, mmoja ni mwekundu, wawili wa manjano, mmoja mweupe. Anayetaka manjano matupu ampandishe mwekundu na mweupe.

Na wale wanaoniuliza kama wanaweza kuwafuga Dodoma: wakati wa joto hupukutisha sehemu ya nywele, ni kweli, ila mimi nisingeshauri. Boran, ng'ombe wa huku Afrika Mashariki mwenye manyoya mafupi yanayong'aa, jua lile analiweza.