Je, wajua kwa nini majibu mengine ya maabara hutoka baada ya saa moja na mengine baada ya wiki?

Mgonjwa akitolewa damu Jumatatu asubuhi, chupa moja inaweza kutoa majibu kabla ya saa sita mchana, na chupa nyingine, iliyojazwa kwa sindano ile ile, ikangojewa hadi Jumamosi. Anayesubiri hudhani sampuli imesahauliwa mahali, au mtambo umeharibika. Hayo hutokea, sikatai. Lakini mara nyingi sababu imo ndani ya chupa yenyewe: kuna kinachopimwa papo hapo, na kuna kinachosubiriwa kiote.

Kwanza, kazi ya asubuhi haianzi na damu ya mgonjwa. Mtaalamu wa maabara huanza kwa kupima sampuli ambayo kiwango chake kinajulikana tayari. Ni sawa na mwenye mizani anayeweka jiwe la kilo moja kabla ya kumpimia mteja. Jibu huwekwa kwenye grafu ya kila siku, mtindo ulioletwa maabara na watafiti Levey na Jennings mwaka 1950. Nukta ikiruka nje ya mipaka, mtambo husimamishwa mpaka sababu ijulikane, hata kama sampuli za wodini zimejaa mezani. Mimi naona hii ndiyo saa yenye thamani kuliko zote katika siku, kwa kuwa mtambo uliopotoka hautoi jibu moja baya. Hutoa mamia, na yote yanaonekana mazuri.

Kisha zinakuja chupa zenyewe, na rangi za vifuniko vyake si mapambo. Chupa ya zambarau ina chumvi ya EDTA, inayoshika kalsiamu yote iliyomo kwenye damu, na bila kalsiamu damu haigandi. Chembechembe zikiwa bado zinaelea, mtambo huzihesabu kwa muda wa dakika moja hivi. Ndiyo maana picha kamili ya damu hutoka mapema.

Vipimo vya figo na ini havina haraka hiyo. Kwa kawaida hutumia chupa ambayo damu huachwa igande, kama nusu saa, kisha huzungushwa kwa kasi ili maji yake ya manjano yajitenge juu. Ukiharakisha hapo, nyuzi za damu ambayo haijamaliza kuganda huziba sindano ya mtambo. Sukari nayo ina shida yake: chembechembe za damu ziko hai na zinaendelea kuila ndani ya chupa, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Damu ikikaa muda mrefu bila kutenganishwa, mwenye kisukari anaweza kuonekana mzima. Chupa ya kijivu huwekwa floraidi ili kuzuia ulaji huo.

Kuna kosa moja ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kemia analijua. Mtu anaona chupa fulani haikujaa, anaiongezea damu kidogo kutoka ile ya zambarau. EDTA hiyo huwa na potasiamu. Jibu linatoka na potasiamu ya kutisha na kalsiamu karibu na sifuri, hali ambayo binadamu hawezi kuwa nayo akabaki anazungumza. Sampuli inakataliwa, na mgonjwa anachomwa sindano tena. Ana haki ya kukasirika. Hata hivyo, afadhali sindano ya pili kuliko kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Sasa tufike kwenye kinachosubiriwa kiote. Daktari akihofia kwamba bakteria wameingia kwenye damu, huagiza damu ioteshwe. Inaingizwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye joto linalokaribia la mwili, nyuzi 35 hadi 37. Mtambo huchungulia mara kwa mara kama kuna hewa ya kaboni inayotolewa na kitu kilicho hai ndani yake. Bakteria wengi wenye madhara hujitokeza ndani ya siku mbili za mwanzo, lakini kwa kawaida chupa hungojewa siku 5 kabla ya kutamkwa kuwa haina kitu. Hiyo ndiyo Jumamosi ya mgonjwa wetu.

Tuseme mtambo unapiga kengele Jumanne usiku. Tone la damu hupakwa kwenye slaidi na kutiwa rangi kwa njia ambayo Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, aliitangaza mwaka 1884. Wengine huonekana zambarau, wengine waridi, na tofauti hiyo pekee inatosha kumsaidia daktari kuchagua dawa ya kuanzia. Hapigiwi simu kesho yake, anapigiwa usiku huo huo. Tone jingine hupandwa kwenye sahani yenye utando wa chakula, likalala huko hadi Jumatano. Aina ya bakteria ikishajulikana, hupandwa tena pamoja na vidonge vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki mbalimbali. Alhamisi mtaalamu hupima kwa rula, kwa milimita, duara tupu lililozunguka kila karatasi. Duara pana maana yake dawa imewazuia bakteria. Wakiota mpaka ukingoni mwa karatasi, hiyo ni dawa ambayo mgonjwa hana faida ya kuimeza.

Hatua hizi hazikubali kuombwa ziende mbio, kwani mwenye saa ni bakteria. Escherichia coli, anayesumbua sana kwenye mkojo, akishiba hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, ndiyo maana usiku mmoja unatosha kupata doa linaloonekana kwa macho. Kimelea cha kifua kikuu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Kwenye chakula kigumu husubiriwa hadi wiki 8. Vipimo vya vinasaba vimeleta nafuu kubwa hapa, maana vinaweza kumtambua kwenye makohozi kwa muda usiozidi saa mbili na kuonyesha usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Bado kuotesha kunahitajika, ili dawa nyingine zijaribiwe na ijulikane kama vimelea vilivyobaki ni hai.

Utando huo wa sahani una historia inayostahili kutajwa. Zamani walitumia jelatini, ambayo huyeyuka kwenye joto la mwili na baadhi ya bakteria huila. Aliyependekeza agari, inayotokana na mwani, ni Fanny Hesse, mke na msaidizi wa mtafiti aliyefanya kazi na Robert Koch, bingwa wa bakteria, mjini Berlin, miaka ya 1881 na 1882. Aliijua kutoka jikoni. Koch aliitaja agari katika maandishi yake bila kumtaja yeye, na kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma, kwani maabara za dunia nzima zinaitumia mpaka leo.

Kinyama kilichokatwa kwa ajili ya kutafuta saratani kina saa yake nyingine kabisa. Hutumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, nayo hupenya polepole, kadiri ya milimita moja kwa saa. Kikishakomaa hupitishwa usiku kucha kwenye alkoholi ili kitoke maji, kisha zailini, kisha nta iliyoyeyuka. Asubuhi nta iliyoganda hukatwa vipande vya unene wa milimita 0.003 hadi 0.005, chini ya upana wa chembe nyekundu moja ya damu, na kutiwa rangi. Hapo ndipo mwanapatholojia anapokaa kwenye hadubini. Akiona kitu kisicho wazi, ataomba rangi maalumu, na hiyo ni siku moja au mbili zaidi. Mfupa huanza kwanza kwa kulainishwa kwa kuondolewa chokaa, wakati mwingine kwa siku kadhaa.

Ijumaa jioni ni saa ngumu kwa idara hii. Kinyama cha titi kinachotarajiwa kupimwa vipokezi vya homoni, yaani sehemu za chembe zinazopokea homoni, kinatakiwa kikae ndani ya fomalini si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Kilichochukuliwa Ijumaa kikasahauliwa mpaka Jumanne kinaweza kutoa jibu la kupotosha kuhusu dawa itakayomfaa mama huyo. Kwa hiyo lazima mtu aandike saa kilipoingia, na mwingine apange nani atakuja mwisho wa wiki.

Hata namba ikishatoka kwenye mtambo, bado haijawa jibu. Hulinganishwa na ya mgonjwa huyo huyo ya siku zilizopita. Ikiwa imebadilika kupita kiasi, swali la kwanza ni kama damu kweli ni yake. Ikiwa ya hatari, kama potasiamu iliyopanda sana, mtaalamu hupiga simu wodini na kumtaka aliyepokea amrudishie namba aliyoisikia. Na jibu lililotoka nje kidogo ya kiwango cha kawaida lisimnyime mtu usingizi: viwango vingi huwekwa ili vichukue asilimia 95 ya watu wazima wa afya, maana yake mmoja kati ya 20 huwa nje akiwa hana ugonjwa wowote.

Kwa anayesubiri, swali lenye faida ni hili: je, kuna majibu ya awali? Kwa vipimo vya kuotesha mara nyingi yapo, na daktari anaweza kuanza matibabu kwa hayo huku sahani zikiendelea kusomwa Jumamosi na Jumapili.