Akaunti za kufuata mtandaoni: wanayodhani wafanyabiashara wa Moshi na Arusha, na ukweli wake

"Ukitaka wafuasi, wafuate watu wengi." Hili nalisikia kuliko yote kwa wenye kampuni ndogo za kupandisha watalii mlimani, na limeharibu akaunti nyingi. Mtu anafungua Instagram ya biashara leo, kesho ameshafuata mamia ya watu akitegemea nao wamfuate. Wachache hufanya hivyo. Mtandao ukiona kasi hiyo unaweza kukuzuia kufuata kwa muda, na hata ukienda taratibu, mwisho ni akaunti 7,500. Lakini hasara kubwa iko kwenye ukurasa wako wa mwanzo: asubuhi unakutana na vichekesho na harusi za usiowajua, huku tangazo la TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kuhusu tozo za hifadhi limezama huko chini.

Jiulize kwanza: habari gani nikiikosa itanitia hasara? Kwa kampuni ya utalii Arusha, jibu ni TANAPA, Mamlaka ya Ngorongoro, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TATO (chama cha kampuni za utalii), TRA (mamlaka ya mapato) na mashirika ya ndege yanayoleta wageni wako uwanja wa KIA. Muuza kahawa wa Moshi aongeze Bodi ya Kahawa. Ukishawafuata, waweke kwenye orodha ya vipendwa ya Instagram. Inabeba akaunti 50, machapisho yake hupanda juu, na mwenye akaunti haambiwi.

"Mshindani hafuatwi, utamwongezea namba." Mfuate! Akiweka picha ya kambi ya Shira kule Kilimanjaro, usiishie kwenye picha, shuka kwenye maoni. Huko utakuta mtu anauliza kama bei inajumuisha bahshishi ya wapagazi, mwingine anataka kujua njia ya Lemosho ina mvua kiasi gani mwezi Novemba, na wote hawajajibiwa. Hao ndio wateja unaowatafuta. Wajibu kwenye ukurasa wako, waziwazi: bahshishi imo au haimo, Novemba ni msimu wa vuli, masika ni Machi hadi Mei. Isitoshe, wageni wakiwa wawili wawili, mshindani huyo huyo ndiye mtakayeunganisha naye kundi.

"Mwenye tiki ya bluu ndiye wa kweli." Zamani kidogo, labda. Siku hizi tiki inalipiwa kila mwezi, X tangu 2022, Instagram na Facebook tangu 2023. Meta huomba kitambulisho, ndiyo, ila kitambulisho hakisemi kama mtu ana leseni ya kufanya biashara ya utalii. Ukitafuta akaunti ya taasisi ya serikali, anzia kwenye tovuti yake, kisha ubonyeze alama ya mtandao iliyowekwa humo. Ni dakika moja tu, na inakuepusha na akaunti feki zinazoomba malipo.

Wapo pia wanaoamini kufuata wachache sana kunaleta heshima. Waachie mastaa. Hoteli mnayolaza wageni, anayekukodishia mahema, dereva, mpishi: wafuate bila kusita, maana hao ndio mtakaotajana kwenye picha za safari.

Siasa, timu na umbea ziende kwenye akaunti yako binafsi. Akaunti ya biashara ikiwa wazi, orodha ya unaowafuata iko wazi pia, na mgeni anayetaka kutanguliza malipo ya safari anaweza kuipitia jina kwa jina.