Kitenzi Kinapoachwa: Kiingereza na Maneno ya Kurudiwa

Hapa Bukavu nasahihisha ripoti za Kiingereza za watu waliosoma kwa Kifaransa. Wengi wao hurudia kila kitu: "The boat carried beans and the lorry carried charcoal." Si kosa, ila "carried" ya pili haina kazi. Iache: "The boat carried beans and the lorry charcoal." Kiima na yambwa vimebaki, msomaji atakijaza kitenzi mwenyewe. Mwanaisimu Mmarekani John Robert Ross ndiye aliyeupa mtindo huu jina la "gapping," miaka ya 1960.

Kifaransa nacho huacha kitenzi hivyo, na sisi pia: boti ilibeba maharage, lori makaa. Labda ndiyo sababu watu hudhani Kiingereza kinaruhusu popote. Hakiruhusu. Vishazi lazima viwe na hadhi moja, viunganishwe kwa maneno kama "and" au "or." Ukitia "because," kishazi cha pili kinakuwa tegemezi, na "because the lorry charcoal" haisimami kabisa. Mle Kiingereza hubakiza kitenzi kisaidizi: "Furaha has left because Baraka has." Wenzangu hawaiandiki sentensi hii, kwa kuwa katika Kifaransa kitenzi kisaidizi hakiwezi kubaki peke yake mwishoni namna hiyo.

Wakati mwingine sarufi inaruhusu, maana inakataa. "Furaha visited Riziki on Monday and Baraka on Tuesday." Jumanne Baraka alitembelea, au alitembelewa? Zote mbili zinawezekana. Katika ripoti ya kazi narudisha kitenzi bila kusita.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni hili: "We have and will continue to support farmers." Hata Waingereza huliandika. "Have" inadai "supported," lakini kilichopo mbele ni "support" tu, kwa hiyo nusu ya sentensi inaning'inia. Andika "We have supported and will continue to support farmers," hata kama ni ndefu. Vihusishi navyo ni vilevile: "interested and good at maths" imepoteza "in" yake.

Kwenye "The road was closed and the bridges repaired" mimi si mkali. Kilichoachwa ni "were," si "was," na walimu wa zamani wangekunja uso. Mimi naipitisha. Mteja akilalamika namrudishia "were" yake. Ni herufi nne tu.