NPK ya mahindi si chakula cha gazoni

Kila mvua zinapoanza hapa Lubumbashi, simu yangu inalia na swali lilelile kuhusu gazoni, yaani nyasi za uani: "Nimebakiza nusu mfuko wa mbolea ya NPK 10-20-10 shambani, niimwage kwenye gazoni?" Ukiuliza kwa nini hiyo, jibu liko tayari: ina ile 20 katikati, kwa hiyo ina nguvu.

Papa, haina nguvu unayoitafuta. Namba tatu za mfuko ni asilimia za uzito, na mpangilio haubadiliki: naitrojeni (N), fosfeti (P), potashi (K). Mfuko wa kilo 50 wa 10-20-10 una kilo 5 za naitrojeni, kilo 10 za fosfeti na kilo 5 za potashi. Ile ya katikati ni ya mizizi michanga. Ndiyo sababu unaiweka siku ya kupanda mahindi, halafu yurea, mbolea ya naitrojeni peke yake, inafuata yakishakua. Gazoni iliyokwisha kushika ardhi tayari ina mizizi yake. Inasukuma majani, na kazi hiyo ni ya naitrojeni.

Tupige hesabu. Kwa mita za mraba 100, gramu 500 za naitrojeni zinatosha. Ukizitafuta ndani ya 10-20-10 utamwaga kilo 5, na humo umetia kilo nzima ya fosfeti. Udongo wetu mwekundu una asidi, tena umejaa chuma na alumini. Sehemu kubwa ya fosfeti hiyo inafungwa humo, majani yasiipate. Umezika pesa yako. Yurea, yenye naitrojeni asilimia 46, inakupa naitrojeni ileile kwa kilo moja na gramu 100 hivi: nusu yake leo, nusu baada ya wiki tatu au nne. Huna yurea? Kilo 3 za 17-17-17 zitafanya kazi, ingawa bado unalipia fosfeti usiyoihitaji.

Na upime kwa mizani! Nimelisema hili mpaka wateja wananicheka. Gazoni iliyotupiwa yurea kwa kukisia naijua nikiwa bado getini: mstari wa kijani, mstari wa njano, na pale mtu aliposimama kujaza ndoo pana duara la majani yaliyoungua. Tupa mbolea majani yakiwa makavu, nusu ukienda urefu wa lupango (ua wako), nusu ukienda upana, kisha mwagilia palepale. Yurea ikilala juu ya udongo kwenye jua, naitrojeni inapaa hewani kama amonia.

Ile "majivu ya makala (mkaa) ni mbolea kamili" nayo imenichosha. Majivu yana potashi na chokaa, naitrojeni hayana. Zamu, mlinzi wako, akiyamwaga siku moja na yurea, ndiyo unaifukuza amonia kwa mikono yako mwenyewe.

Udongo wa kichuguu? Mzuri kwa kusawazisha mashimo, una kalsiamu kuliko udongo wa pembeni. Kulisha gazoni peke yake hauwezi.

Mavi ya kuku mabichi yanaunguza kama yurea, hata kama ni ya asili. Yaache yaoze kwanza.

Wengine wananiita mwezi wa saba kwa sababu majani yamekuwa ya njano, wanataka mbolea haraka. Hayana njaa, yamelala kwa ukavu na baridi. Kama humwagilii, usiweke kitu hadi mvua zitulie. Ulipaswa kufikiria potashi mwezi wa tatu, maana ndiyo inayosaidia majani kuvumilia kiangazi. Na majani unayokata, kama ni mafupi, yaache hapohapo. Yana naitrojeni uliyoinunua.

Ile nusu mfuko usiitupe. Kama una kona unayotaka kupanda gazoni mpya, changanya 10-20-10 na udongo kabla ya kupanda. Hapo ile 20 ina kazi.